Nilimtungia Mpishi Dini Asiyoijua

Nimekosa, jamani, tena kwa uvivu wangu mwenyewe. Naandika haya masikio yakiniwaka kwa aibu.

Mimi ni Mtanzania, nasoma shahada ya pili hapa Guangzhou. Utafiti wangu unahusu dini katika maisha ya Wajapani. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole, alinituma nikawahoji Wajapani wanaoishi mjini humu. Badala yake nikawa nashinda kwenye soko la nguo la Shahe na dada Neema wa Mwanza, nikimtafsiria anaponunua nguo za jumla.

Karibu na hapo kuna mgahawa wa tambi za Kijapani. Kila tukienda kula namwona mpishi, kajifunga kitambaa kichwani, anapiga makofi mawili mbele ya kabati jeupe, anainama, ananyamaza. Wajapani husali hivyo hivyo kwenye mahekalu yao, nikajiambia utafiti umekwisha! Sikumuuliza chochote. Nikaandika kurasa ishirini kuhusu ibada ya mababu jikoni, na nikadai nimemhoji mara tatu.

Msimamizi alifurahi mno. Akautafuta mgahawa mwenyewe, akamwalika mpishi kwenye semina yetu bila kuniambia. Siku ya semina nasoma kurasa zangu kwa madaha, nainua macho, namwona kaketi mstari wa mbele. Nikainamia karatasi, nikaendelea kusoma.

Nilipomaliza akasimama, akaeleza taratibu kwamba yeye ni Mchina wa Hunan, Japani hajawahi kufika. Kabati lile ni friji bovu. Makofi ni ya kukung'uta unga, na huinama kusikiliza kama mota bado inanguruma.

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Kisha akanigeukia.

"Umekula kwangu mwaka mzima," akasema. "Mbona hukuniuliza?"

Hapo hakucheka mtu.

Sura hiyo nzima ya tasnifu yangu ikafutwa, na ufadhili wangu umesimamishwa mpaka nirudie utafiti. Neema alipopata habari alicheka akaketi juu ya robota la nguo, halafu akauliza kwa wasiwasi kama na maneno ya wauzaji nilikuwa nayatunga.

Wiki iliyopita nilimhoji Mjapani wa kweli, mama anayefundisha piano. Nilipomuuliza dini yake, akasema hana. Nikataka kufunga daftari, nikajizuia, nikamuuliza asubuhi akiamka huanza na nini. Akasema humwekea marehemu mumewe kikombe cha chai mbele ya picha yake, akamsimulia mambo ya jana. Tulizungumza kwa muda wa saa tatu.

Wenzangu mnaosoma, msijifanye mnajua yaliyomo moyoni mwa mtu kwa kumtazama kwa mbali. Muulizeni. Na akishajibu, muulizeni tena.