Usenge, Ambako Miguu Yote Ilikuwa Mizima

Aliyenituma Usenge, kule kwa wavuvi wa ziwani, ni daktari wetu wa mifupa, na sababu yenyewe ni karatasi ya maswali juu ya miguu. Nawaandikia nyinyi wa Malindi, ambao kila nikija likizo mnaniuliza nafanya kazi gani huko Kisumu, na nikijibu kwamba nanyoosha vifundo vya miguu ya watu mnaangua kicheko. Chekeni tu. Safari hii hata mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani mtu akivunjika kifundo tukamtibu, tulichotazama baadaye ni picha ya eksirei basi. Mfupa ukionekana umeunga, umepona, nenda kwenu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ndipo zikatufikia karatasi ambazo mgonjwa mwenyewe ndiye anayetoa alama. Asubuhi ukikanyaga hatua ya kwanza unaumwa kiasi gani? Ukisimama muda mrefu je? Ukipita penye mawe? Sifuri maana yake hakuna maumivu, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Nilizipenda karatasi zile kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi. Hatimaye mwenye mguu anaulizwa habari za mguu wake.

Siku moja daktari akaniita. "Bingwa wa upasuaji anakuja hapa kwa muda mfupi, na hawezi kumpasua kila mtu," akasema. "Nenda Usenge kawaulize wale tuliowatibu vifundo. Atakayesema bado anaumia, rudi naye. Atakayesema yuko sawa, tunafunga faili lake."

Faili la juu kabisa lilikuwa la Mama Awuor, mnunuzi wa samaki, mjane mwenye watoto wanaomtegemea yeye tu. Aliteleza akisaidia kuvuta boti, kifundo kikavunjika. Picha yake ilisema mfupa umeunga vizuri. Lakini nilimkumbuka siku aliyotoka kliniki, anavyokanyagia ukingo wa mguu, na moyoni nikajiambia, huyu simwachi.

Alfajiri, Nyamasaria, mtaani ninakokaa. Nilikuwa macho kabla ya jogoo kwa furaha tu, mtu mzima mimi, nimezipanga karatasi mkobani nikazipangua nikazipanga tena. Bwana Otieno, dereva wa kliniki, akapiga honi hadi majirani wakafungua madirisha. Yeye ni mtu wa Bondo, na kwake pwani yote ni Mombasa, kwa hiyo jina langu ni Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa. Nimemweleza habari za Malindi mpaka nimechoka.

Kisian tukaiacha lami. Tulipofika Kombewa vumbi lilikuwa limetuingia masikioni, Landrova inaruka na sisi tunaruka nayo, Otieno anaimba nyimbo za kanisani kwao na mimi naitikia nisiyoyajua. Ziwa lilikuwa likichungulia upande wa kushoto kisha linapotea. Ndori tulinunua ndizi mbivu, na Otieno akataka nimsomee swali moja.

"Je, unaweza kupanda ngazi bila shida?" nikamsomea.

"Usenge hakuna ngazi."

"Najua, Bwana Otieno."

"Sasa watasema nini?"

"Watasema ukweli wao."

Akacheka peke yake mpaka Bondo, na kila nilipomuuliza anacheka nini alisema ni barabara.

Saa sita mchana, Usenge. Mimi mtoto wa papa na nguru nilidhani naijua harufu ya samaki. Kumbe sijui kitu. Ufuo mzima ulikuwa umetandazwa nyavu, na juu ya nyavu omena, vile visamaki vyembamba vya fedha, vinakauka juani hadi macho yanauma kutazama. Wagonjwa wangu walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa Mama Awuor. Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vya kushona kwa mkono, kuku amechinjwa, samaki wawili wanene waitwao ngege wamelala kwenye mchuzi, na sima ya kulisha msikiti mzima.

"Kula kwanza," Mama Awuor akaniambia nilipogusa mkoba. "Maswali haina miguu. Haitakimbia."

Nikala. Nikaongezwa. Nikala tena. Kisha nikaanza kuuliza, mmoja mmoja, kwa sauti yangu nzuri ya kazini.

"Asubuhi ukikanyaga chini?"

"Sifuri."

"Ukitembea penye mawe?"

"Sifuri."

"Ukipanda ngazi?"

"Ngazi hatujapata bado," mzee mmoja akajibu kwa upole, "lakini zikikuja tutapanda."

Wote sifuri. Mvuvi ambaye kifundo chake kiliwahi kugeuka nyuma, sifuri. Mwalimu mstaafu peke yake ndiye aliyekataa katakata. "Mimi nimesahihisha watoto maisha yangu yote, leo mtu aniandikie sifuri? Weka tisa." Nikamweleza kwamba tisa ni maumivu makali sana. "Hiyo ni shida ya karatasi yako," akasema. Kwa hesabu yangu, basi, mtu mmoja tu Usenge alihitaji kupasuliwa haraka, naye alikuja kwa baiskeli akaondoka kwa baiskeli, anapiga kengele.

Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuwahi kuona msemo ukifanya kazi kwa kasi ile. Na Mama Awuor, kila nilipomuuliza, alisema sifuri huku akinijazia sahani.

Siku ya pili asubuhi, ufukweni. Hapo ndipo furaha ilipopungua kidogo. Boti zikionekana zinarudi, wanawake wanunuzi hupandisha nguo wakaingia majini, na desturi yao ni hii: mkono wa kwanza kugusa boti ndio unaofungua bei. Wengine husubiri yule amalize, wakachukua anachokiacha. Nikaona wanawake wanakimbilia maji wanasukumana na kucheka. Mama Awuor alikuwa ameketi juu ya karai lililogeuzwa. Aliinuka, akaenda hatua chache hadi kwenye mawe, akasimama. Kisha akarudi kuketi, akimtania mtu fulani ili watu wasimtazame mguu. Alichopata siku ile ni mabaki ya mabaki, karai halikujaa hata nusu.

Nikamfuata pale pale. "Mama, hebu niambie tena. Penye mawe?"

"Sifuri, Nyar Mombasa. Umelala vizuri?"

Tulikuwa tunaondoka kesho yake. Nikirudi na sifuri ile, faili lingefungwa, bingwa angekwenda zake, na mwanamke huyu angezeeka juu ya karai. Na maneno ya kumtoa ukweli sikuwa nayo.

Siku ya tatu, kama mjuavyo, mgeni hupewa jembe. Mimi nilipewa omena nizigeuze pamoja na wanawake. Nikajitia ufundi, nikavuta wavu kwa madaha, nikakanyaga jiwe lenye utelezi. Kifundo kikapinda upande, nikakaa kitako katikati ya omena za watu. Niliona nyota mchana kweupe.

Mama Awuor akaja anachechemea. "Umeumia?"

"Hapana, Mama. Si kitu."

"Inauma?"

"Wala haiumi." Jasho lilikuwa linanitiririka, na kifundo kinaumuka kama andazi kwenye mafuta.

Akanitazama. Akaenda kwenye mkoba wangu, akatoa karatasi, akaishika mbali na macho, akasoma kwa sauti yangu ile ile nzuri ya kazini, "Ukikanyaga chini, unasikia uchungu namna gani?"

"Sifuri," nikasema.

Ndipo nikasikia nilichokisema. Otieno alikuwa ameegemea boti na akateleza akakaa chini kwa kicheko. Wanawake wakashikana mabega. Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, sijui machozi yapi ni ya nini, magamba ya omena yamenijaa mpaka kwenye mtandio.

"Kwa nini unadanganya?" Mama Awuor akaniuliza.

"Nimewaharibia omena, halafu niwape na wasiwasi?"

"Sasa umeelewa," akasema. "Mgeni ametoka mbali, amekula kwangu, halafu nimpatie uchungu abebe arudi nayo? Mgeni anabebeshwa samaki. Uchungu habebeshwi, hiyo ni aibu." Akaketi kando yangu mle mle kwenye omena, akanyoosha mguu wake karibu na wangu. "Lakini wewe umeanguka kwa kazi yangu. Hapa hakuna mgeni tena. Sema yako, nitasema yangu."

"Nane," nikasema.

"Yangu tisa." Alikuwa hacheki tena. "Asubuhi, kumi. Natambaa mpaka mlango ndio nisimame, kabla watoto hawajaamka."

Nilimshika mkono.

Kisha mwanamke mwingine akadai kwamba cha Mama Awuor ni kitoto, njooni muone chake. Hawa watu wana mchezo wa kujisifu mbele ya kadamnasi unaoitwa pakruok, mtu anasimama anajipamba kwa majina makubwa. Basi siku ile waliipamba miguu. "Mimi ndiye mwenye kifundo kinachojua mvua kabla ya redio." "Mimi ndiye mwenye kisigino kinacholia kama mlango." Nikaandika huku natetemeka kwa kicheko, nikipunguza chumvi kidogo hapa na pale kwa kuwauliza mara ya pili. Mwalimu akafika na baiskeli yake, akakubali kwamba haumwi popote, kwa sharti niandike kwa maneno, namba isionekane.

Mchana, safari ya kurudi. Mimi mbele, mguu juu ya mkoba. Nyuma Mama Awuor na furushi lake, maana alama zake zilizidi za wote na wengine walikubali kungoja zamu, na gunia dogo la zile omena nilizozikalia, maana walisema hakuna mwingine wa kuzila.

"Nimekuja kuchukua mgonjwa mmoja," Otieno akasema tulipopita Ndori, "narudi na wawili."

Kisumu, daktari aliinua picha kwenye mwanga, akatazama karatasi, akatazama picha tena. "Hii inasema amepona."

"Yeye anasema hajapona," nikamjibu nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. "Na anayeukanyagia ni yeye."

Akaishusha picha. Kisha akaliandika jina la Mama Awuor kwa bingwa, akaniambia niketi kabla sijaanguka.

Nimejifunza nini? Kwamba kumuuliza mtu swali zuri hakutoshi, lazima kwanza mjue nyinyi wawili ni nani kwa nani. Hilo halikuandikwa popote kwenye karatasi zangu.

Bingwa akampasua, na mvua zilipokwisha alirudi kliniki kuulizwa tena. Picha mpya haikupendeza kama ile ya kwanza, chuma kinaonekana na mfupa una kovu. Daktari akamuuliza anaendeleaje.

"Sifuri, Daktari. Mzuri kabisa," akasema, na daktari akatoka anapiga mluzi.

Akasubiri mlango ufungwe. Kisha akanigeukia. "Andika tatu," akasema. "Asubuhi bado inauma kidogo."

Nikaandika tatu, na furaha niliyokuwa nayo sijui niwaelezeje. "Na majini?" nikamuuliza.

Mama Awuor akasimama wima, akaweka kiganja chini ya kifua kunionyesha maji yalipofika. "Jana," akasema, "boti niligusa mimi wa kwanza."