Siku Niliyomkimbia Mama Mkwe kwenye Mstari wa Kura

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nisimulie, maana aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mwingereza, na hata leo nikipita pale kiwanjani Sumbawanga natazama pembeni kama niliyeiba kuku.

Wakati ule msimamizi mkuu wa shule za Ufipa nzima aliteuliwa na Bwana Shauri, Mwingereza mtawala wa wilaya, na huyo aliyeteuliwa hata njia ya Mwazye alikuwa haijui, sisi walimu tukilalamika tunaambiwa tulieni, tukazidisha kelele mpaka Bwana Shauri akachoka, akasema haya, safari hii chagueni wenyewe, wazazi wote wa wanafunzi, waume kwa wake, lakini mkiharibu narudi kuteua. Nikajitosa (kijana, mwalimu, suruali moja ya kaki). Nilitaka kitu kimoja tu, darasa la tano, maana shule zetu ziliishia la nne na watoto wenye akili zao walirudi kulima ulezi. Mpinzani wangu alikuwa Bwana Hamisi, mwenye duka na lori, mtu mpole, mnene kuliko mlango wake.

Siku zile sikutulia, nazunguka uani tu, nikamwambia mke wangu, "Waite ndugu zako waje wote."

"Wote, mwalimu?"

"Wote! Usimwache hata mmoja!"

Akanitazama, akanyamaza. (Ningemuuliza ananyamazia nini, leo nisingekuwa na mkasa.)

Kura yenyewe ilikuwa ya kujipanga: sisi wagombea wawili tunasimama mbele, tumewapa watu mgongo, marufuku kugeuka, anayekutaka anajipanga nyuma yako. Nikasimama, nasikia nyayo zinaongezeka nyuma yangu, jasho linanitoka na ule upepo wetu wa baridi wote, nikaanza kujiona ofisini. Mara sauti ya mama mtu mzima, karibu kabisa na kisogo changu:

"Basi huyu ndiye aliyemwoa binti yangu? Mbona shingo nyembamba hivi?"

Mama mkwe! Alikuwa analea wajukuu wanaosoma, kwa hiyo kura anayo, na alitembea kwa miguu toka Mwazye. Ninyi wa leo mnakaa sebuleni na wakwe zenu mnakunywa chai, lakini kwetu wakati ule mkwe na mama mkwe hawakuonana, ukimwona njiani unaingia porini, na sisi tulikuwa bado hatujafunguliana mwiko huo. Sasa pori pale kiwanjani liko wapi? Kitu cha kujificha kilikuwa kimoja tu, Bwana Hamisi. Nikachomoka mbio nikajibanza nyuma ya mgongo wake, na watu wangu, ambao mke wangu aliwaagiza "mfuateni mwalimu", wakanifuata wote.

"Nani huyo?" Bwana Hamisi akauliza bila kugeuka.

"Ni mimi, Bwana Hamisi."

"Mwalimu? Umenichagua mimi?"

"Nimejificha tu."

Nikataka kurudi, karani aliyekuwa akihesabu akafoka, "Aliyekwisha kujipanga haondoki!" Nilitamani ardhi inimeze. Pale nilipotoka alibaki mtu mmoja, mama mkwe, amejifunika kaniki usoni, maana yeye naye hawezi kumfuata mkwewe.

"Mama, mgombea wako amehama," karani akamwambia. "Nawe hama."

"Nimetoka Mwazye kumchagua mkwe wangu. Siendi popote."

Kura moja.

Bwana Shauri alicheka mpaka akavua kofia, kisha akatuuliza, "Mnaona kwa nini tunateua?" Hapo iliniuma kweli. Bwana Hamisi alishika kazi, darasa la tano hakulikumbuka, na muda wake ulipokwisha wakarudi kuteua kama zamani.

Niliapa sitagombea tena hata uongozi wa kwaya, na mtu akiniuliza "wote?" namwambia anitajie mmoja mmoja. Jioni ile mama mkwe alikaa chumbani, mimi uani, ukuta katikati yetu, akamtuma binti yake: "Mwambie mwenzio, safari nyingine asubiri kwanza ahesabiwe, ndipo akimbie."

Hiyo safari nyingine niliingoja mpaka wanangu mwenyewe wakaishia la nne.