Friwili ya Watu wa Maji

Mafuta ya alizeti yakikaa juani kwenye chuma hutoa harufu ya maandazi ya jana. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka wangu wa kwanza wa sekondari. Baba aliyauza mafuta hayo dukani kwake, katika mtaa wa zamani wa wafanyabiashara karibu na soko la Dodoma, na hakuona sababu ya kununua grisi wakati madebe yamejaa ndani. Kila Ijumaa baada ya swala aliipaka cheni ya baiskeli yangu mafuta ya alizeti, na ikifika Jumatatu upepo wa kipupwe ulikuwa umeshaishindilia vumbi jekundu mpaka ikawa inasaga badala ya kuzunguka. Nilifika shuleni sketi ikinuka jiko, wenzangu wakaniuliza nimekaanga nini. Hiyo ilikuwa kero, lakini kero ndogo. Kero kubwa ilikuwa gia.

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, ya kike, na ilikuwa na gia moja tu kama baiskeli zote za mtaani kwetu wakati ule. Wanaoendesha baiskeli za siku hizi wakifika mlimani wanabonyeza kidole, mambo yanakuwa mepesi. Sisi tulichagua mara moja, kwa fundi, na ulichochagua ulikaa nacho. Mbele kuna gia ya kwenye pedeli, nyuma kuna friwili, ile gia ndogo iliyo kwenye gurudumu. Friwili yenye meno machache inaifanya baiskeli iwe nzito kukanyaga lakini yenye mbio kwenye tambarare. Yenye meno mengi inaifanya iwe nyepesi, inapanda mlima bila ugomvi, ila miguu inazunguka sana. Mtu yeyote anayeendesha baiskeli hulijua hilo akishapanda mlima mmoja. Baba hakuwa amepanda hata huo mmoja. Safari zake zilikuwa nyumbani, dukani na msikitini, na njia hiyo yote ni bapa kama sinia.

Shule niliyopangiwa ilikuwa upande wa Mkonze, na katikati kulikuwa na kilima cha kokoto kilichoanza taratibu kana kwamba hakina nia mbaya, kisha kikasimama wima. Nilikwenda na Baba kwa Fundi Ndahani kuiandaa baiskeli. Fundi aliweka friwili mbili juu ya gunia, moja ya meno kumi na sita na nyingine ya meno ishirini na mbili, akasema kwa njia ile ya kilima bora hiyo kubwa. Mimi nilikuwa nimeshainyooshea mkono. Baba akaiinua, akaigeuzageuza, akauliza, "Hii si ndiyo wanayofunga watu wa maji?" Fundi akajibu kwamba ndiyo, wao ndio wateja wake wakubwa. Baba akairudisha guniani taratibu, kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake kwa bahati mbaya.

Watu wa maji walikuwa vijana waliouza maji kwa madumu nyumba kwa nyumba, madumu manne au zaidi yakiwa yamefungwa kwenye keria kwa mipira ya tairi. Sisi tulikuwa uzao wa wafanyabiashara waliofika na misafara, jambo ambalo Baba hakuliacha limpite harusini wala msibani. Kwake yeye, binti wa nyumba ile kupita sokoni na friwili ya watu wa maji ilikuwa sawa na yeye mwenyewe kwenda msikitini amejitwika dumu. Halafu kulikuwa na sababu ya pili, na hiyo ndiyo aliyoisema nyumbani kwa sauti ya upole. Gia nyepesi inazungusha miguu mbiombio, na msichana wa heshima hakanyagi kama anashona cherehani barabarani. Gia nzito inakwenda kwa staha, unakanyaga mara moja baiskeli inateleza, unakanyaga tena. Aliionyesha staha hiyo yeye mwenyewe, akaiendesha baiskeli yangu mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, kanzu imetulia, uso umetulia. Ilikuwa inapendeza kweli. Mtaa wetu hauna mwinuko hata wa kumsumbua siafu.

Kilimani hakukuwa na staha yoyote. Gia ile ilinitaka nisimame juu ya pedeli na kuning'inia kwa uzito wangu wote, kulia, kushoto, sketi ikipanda magotini, hijabu ikipeperuka usoni, nikihema kama ng'ombe wa mnadani. Nikifika kwenye wima, pedeli zilikataa kabisa, nikashuka na kusukuma. Na hapo ndipo watu wa maji waliponipita. Walikuwa wamekaa juu ya viti vyao na madumu yamejaa, miguu inazunguka, wanapiga soga. "Sukuma, dada, karibu utafika," waliniambia, na hawakuwa na ubaya, ila mimi nilitaka kulia. Nilikuwa na mkoba wa daftari tu. Wao walibeba maji ya nyumba nzima na walikuwa wakizungumza habari za mpira.

Kwa kawaida nililikuta geti limefungwa. Mkuu wa shule alimwita Baba, na Baba akarudi amenuna, akatoa uamuzi wake mbele ya Mama: nikiendelea kuchelewa nitahamia Kondoa kwa shangazi, kwani huko shule iko mbele ya mlango. Shangazi alikuwa mtu mwema. Lakini mimi nilikuwa binti pekee katika nyumba ya wanaume, na kila jioni Mama alinikalisha kwenye mkeka kati ya magoti yake, akanisuka nywele huku akinihadithia yote aliyokuwa hawezi kumwambia mtu mwingine. Nilitaka kulala nyumbani kwetu. Sikutaka kingine, na kilichosimama katikati kilikuwa meno sita ya chuma.

Nilimwambia Baba asubuhi, nikamwambia usiku. Nilimwambia, "Baba, gia ni nzito, kilima kinanishinda, naomba ile ya meno ishirini na mbili." Akanijibu kwamba nizoee, kwamba miguu itapata nguvu, kwamba niamke mapema zaidi. Kaka zangu walisema nile ugali wa kutosha. Nilikwenda peke yangu kwa Fundi Ndahani, nikamwamkia, nikamwomba. "Marahaba, binti. Nakuelewa," alisema, "lakini baiskeli ni ya mzee. Akisema nifunge, nafunga hata sasa hivi." Friwili yenyewe ilikuwa palepale guniani, nikaiangalia kama mtoto anavyoangalia vitumbua vya watu. Mama alijaribu kwa upande wake, akaambiwa mambo ya baiskeli hayajui. Ni kweli hakuyajua, lakini yeye alinisikiliza.

Siku moja, nikitoka shule, nilimkuta kijana mmoja wa maji amepumzika chini ya kilima, madumu yake matupu. Nikamwomba nijaribu baiskeli yake mpaka juu, yeye anisukumie yangu. Akacheka, akanipa. Nilikaa kitini na sikunyanyuka. Miguu ilizunguka, ndiyo, ilizunguka kama cherehani, lakini sketi ilikaa mahali pake na hijabu ikakaa mahali pake, na kilima kile kilichonitesa tangu mwaka uanze kikaisha huku nikiwa na pumzi ya kutosha kuimba. Nyuma yangu, mwenye baiskeli alikuwa akisukuma yangu na kulalamika kwamba ina nini hii. Sikumbuki siku nyingine ya utoto wangu niliyojiona nina haki kiasi kile.

Juu ya kilima alikuwa akipita rafiki wa Baba na pikipiki yake. Hakuona staha wala sketi iliyotulia. Aliona binti wa mwenye duka juu ya baiskeli yenye keria ya madumu, na kijana wa maji nyuma yake. Habari ilifika dukani kabla yangu. Baba hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisikiliza maelezo yangu yote kuhusu meno, gia na mwinuko, akitikisa kichwa kana kwamba anaelewa, kisha akamwambia Mama anifungie nguo. Mwisho wa wiki nilikuwa kwenye basi la Kondoa, na nywele nilisukwa na shangazi, aliyekaza mno.

Niliporudi likizo ya mwisho wa mwaka, Baba alikuwa amenunua kiwanja ng'ambo ya kilima kilekile na kila asubuhi alikwenda kusimamia mafundi. Alitumia baiskeli yangu. Nilimwona akirudi, mwepesi, anatabasamu, miguu yake inazunguka mbiombio ndani ya kanzu. Sikuhitaji kuinama kuhesabu meno. Alishuka, akaniambia kwa furaha ya dhati, "Mwanangu, kumbe hii gia ni nyepesi hivi. Mbona hukuniambia?" Niliingia ndani, nikakaa kwenye mkeka wa Mama. Nilifikiri sasa ataniacha nirudi nyumbani. Akasema nimeshazoea Kondoa, isitoshe ada imeshalipwa. Nikamaliza sekondari huko, nikisukwa na Mama likizo tu.

Sasa naishi kwenye nyumba aliyoijenga kiwanjani pale. Kilima kimewekwa lami, na Jumamosi watumishi wa serikali kutoka kila mkoa hukipanda na kofia ngumu na baiskeli za gia tele, wakibishana meno mangapi yanafaa. Nikiwasikia huwa nacheka kidogo, na baada ya kucheka nakasirika. Mwaka huu binti yangu Latifa ameanza sekondari mjini, ng'ambo ya pili ya kilima, nasi tukaenda dukani kumnunulia baiskeli. Baba alikuja nasi na mkongojo wake. Latifa alivutiwa na moja nyembamba yenye gia kubwa mbele, nzito kukanyaga, ya mashindano. Baba akamshika mkono. "Hapana, mjukuu wangu. Kile kilima nakijua mimi. Chukua yenye gia nyepesi, utapanda umekaa, kwa heshima zako." Latifa akamwuliza, "Babu, nani alikufundisha mambo ya gia?"

Baba alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, nikimwangalia, nikimsubiri. "Hakuna," alisema. "Nilijigundulia mwenyewe."

Nililipia baiskeli. Siku hizi Latifa anarudi kabla ya adhana ya magharibi, hajasimama wala kushuka popote njiani, cheni yake inanuka grisi ya dukani. Anakaa mkekani kati ya magoti yangu, nami namsuka. Baba hukaa kibarazani akimweleza kila anayepita kwamba yeye ndiye aliyemchagulia gia.