Panzi Aliyekula Ng'ombe wa Mahari

Juzi mjukuu wangu alileta uwele kutoka sokoni, umefungwa kwenye mfuko kama sukari. Nikaunusa. Uwele una harufu yake, rafiki yangu, na mtu aliyeulinda shambani haisahau. Kwa bibi yangu, kwenye barabara ile itokayo Itigi kuja Mkiwa, uwele ukianza kukomaa hapakuwa na kazi nyingine ila kufukuza kwelea. Tulipanda kwenye kichanja cha shambani umande ukiwa bado mbichi, tukapiga debe, tukarusha madonge ya udongo kwa fimbo. Bibi alikuwa akiwatukana wale ndege kwa lugha ya nyumbani, matusi ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Jua likikaza, anafunua chungu cha mlenda na ugali wa uwele, ule mzito, unaokushikilia tumbo mpaka jioni. Sio huu mweupe wa siku hizi, unakula sasa hivi na sasa hivi una njaa.

Nisamehe. Shule niliiacha darasa la pili, na maneno yangu hutembea kama mbuzi, yanachuma hapa na pale. Lakini zizini yanafika.

Basi siku moja ndege waliruka wenyewe kabla hatujagusa debe. Kukaja sauti kama ya mtu mwenye kifua anayekohoa ndani ya pipa. Bibi akasema ni fisi mgonjwa. Tukatazama barabarani, hatukuona kitu, ila kichwa cha baba mdogo kikipita kati ya mabua ya uwele, peke yake, kinacheka. Mwili haukuonekana. Bibi akakaa chini.

Kumbe alikuwa ndani ya gari. Gari la kijani, la watu wawili tu, fupi hata mbuzi angeliruka, halina paa ila turubai lililooza. Ni gari la kukimbizana, Wazungu waliliendesha kwa kushindana huko kwao. Mzungu mmoja mpima ardhi alikuwa anarudi Ulaya, akamwachia baba mdogo kwa nta ya msimu mzima na madume ya ng'ombe juu yake. Baba mdogo alikuwa mchuuzi wa nta, akiinunua kwa warina asali wa Rungwa. Sisi gari tukaliita Panzi, kwa rangi yake na kwa kurukaruka.

Sasa sikia shida ilipo. Baba mdogo alikuwa hajaoa. Alikuwa amechumbia binti wa Unyambwa, msichana mrefu, mcheshi, na baba yake alikwisha kubali. Lilibaki jambo moja: baada ya mavuno yule mzee aje aone ng'ombe wa mahari. Ng'ombe walikuwepo, babu aliwaacha kwa kazi hiyo hiyo.

Panzi akaanza kuwala.

Wewe unayetamani gari kuukuu la mbio, nikueleze mimi niliyelisukuma. Betri yake haikushika moto, kwa hiyo lazima ulilaze mlimani ili liwake kwa kuteremka, na kwetu ni tambarare tupu. Tumbo lake liko chini, kila jiwe linalipasua na oili inamwagika. Kabureta zake ni mbili, na baba mdogo alisema ni kama wake wenza, ukimlisha huyu yule ananuna. Breki ni za nyaya, na nyaya zinalegea. Magurudumu yana spoku kama baiskeli, nazo zikilegea linatembea kama mlevi. Na lililotushangaza zaidi, chini ya lile bati mifupa yake ni mbao. Mchwa wa Itigi wakaijua kabla yetu. Siku moja baba mdogo akafungua mlango, mlango ukabaki mkononi.

Kila kipuri kilikuja kwa treni kutoka pwani, na kila kikija ng'ombe mmoja anatoka zizini kwenda mnadani. Kwetu ng'ombe hatajwi hivi hivi, anatajwa kwa rangi yake. Bibi hakuwahi kujifunza majina ya vipuri, akaviita kwa ng'ombe waliovinunua. Tairi za mbele zilikuwa Madoa. Kabureta ilikuwa Mwekundu. Ukimsikia anauliza, "Mwekundu ameamkaje leo?" ujue anauliza kabureta. Baba mdogo anajibu bila haya kwamba Mwekundu anakohoa kidogo, lakini litatengemaa. Hilo ndilo lilikuwa neno lake, litatengemaa, na alilisema kwa uso mkunjufu hata wewe ungemwamini.

Mavuno yakaisha, mkwe akaja kwa lori. Mzee mkavu, mpole, na fimbo yake. Tukampa shikamoo na togwa. Akasimama mlangoni mwa zizi, akaona mtamba mmoja mweupe mwenye mimba. Mmoja tu. Baba mdogo akamwambia kwamba mali nyingine iko kwenye magurudumu, na atamrudisha Unyambwa kwa gari hilo, aone mwenyewe thamani yake.

Hapo rejeta, ile ya maji ya kupoza injini, ilikuwa inavuja. Baba mdogo hakuona shida, kwa warina asali alijifunza dawa ya mzinga uliopasuka. Akachukua nta, akaitia moto, akaziba. Akajaza maji, halikutoka tone. Akaipigapiga kwa furaha kama anavyopiga ng'ombe begani.

Halafu viti. Kwetu mtu na mkwewe wanaheshimiana kwa umbali, hata mkeka mmoja hawakalii. Humo garini mlikuwa paja kwa paja. Mzee aliweka fimbo katikati, kisha blanketi juu ya fimbo, akageuza uso porini. Wakaondoka hivyo.

Yaliyofuata alitusimulia baba mdogo mwenyewe, na kusema uongo hakujua. Walipopita njia panda ya Mkiwa wakashika barabara ya Singida, maji yakachemka na nta ikayeyuka, ikaingia kwenye vimirija vyembamba vya rejeta, ikaviziba. Panzi akafuka moshi, akagonga ndani kwa ndani, akafa. Mzee akashuka, akalizunguka pole pole.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe akifa tunakula nyama. Hili likifa mnalifanyaje?"

Baba mdogo akasema litatengemaa.

"Mimi sikukukataa, na binti yangu hakukukataa. Ila ukija, uje na kitu kinachokula majani. Usichelewe, wapo wengine wanaouliza."

Akapata lori, akaenda.

Fundi wa Manyoni akaja kulitazama. Akasema rejeta mpya, na kuchonga injini upya, na kwa kazi yote hiyo mtamba mweupe angetosha, na gari lingekimbia kama siku ya kwanza. Baba mdogo alimshukuru sana.

Asubuhi yake alimfunga mtamba kamba, akatoka. Bibi akamfuata na unga wa njiani, nami nikamfuata bibi. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Mtamba alitembea kwa madaha, na bibi nyuma yake.

Mkiwa ile siku hizi huitambui. Zamani kulikuwa na miti na kibanda cha chai, na mambo ya Panzi yaliishia hapo: viti vyake vikawekwa barazani kwa muuza chai, kioo kikaenda kwa kinyozi, spoku zikawa za kuchomea nyama miaka mingi. Kinyozi hayupo, muuza chai hayupo, na siku hizi hakuna anayenielewa nikisema Mwekundu alikuwa kabureta.

Lakini asubuhi ile gari lilikuwa bado zima kwa kulitazama, linang'aa, ng'ambo kidogo ya njia panda. Mkono wa kulia, Manyoni kwa fundi. Mkono wa kushoto, Unyambwa kwa mchumba. Baba mdogo akasimama. Bibi akamkabidhi unga.

"Mama," akasema, "rudini, jua linapanda."

Akamvuta mtamba upande wa kushoto. Alipolifikia gari, mtamba akainama kula majani yaliyoota penye gurudumu. Akamsubiri mpaka akamaliza. Kisha akatikisa kamba, wakaenda, na kwenye lile gari hakurudi tena.