Mirrorless yangu na compact ya mama: picha mbili za mzee, siku moja

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Baridi ya huku ni ile mnayoijua, na chai yangu imeshapoa hapa mezani kabla sijaandika sentensi ya pili.

Kuna mwenzetu aliuliza hapa jukwaani kama anunue mirrorless ama achukue tu compact ya kawaida. Watu wakamjibu kwa megapixel na sensor mpaka uzi ukageuka vita. Mimi nilisoma nikanyamaza.

Nina jibu langu, ila halitoshi kwenye comment.

Haya mambo yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Mkiona nimeruka mahali, jueni vidole vimekataa. Na picha zenyewe sitaziweka hapa, kwa hivyo msiniombe.

Tuanze na mashine.

Mimi ni mpiga picha, mwanamke, napanga Huruma, hapa hapa Eldoret. Napiga harusi, graduation, na birthday za watoto wa matajiri wa Elgon View ambao keki yao ina ghorofa nyingi kuliko ploti ninayoishi. Kazi hiyo yote naifanya na mirrorless. Brand sitaitaja, maana najua mtaanza.

Kwa wasiojua, mirrorless haina kile kioo cha ndani cha kamera za zamani. Ni nyepesi, haipigi kelele, na kwenye viewfinder unaona picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Ikiona jicho la mtu, inaling'ang'ania kama kupe. Bibi harusi akigeuka, inageuka naye.

Compact ni ya mama.

Mama alikuwa akipikia familia moja Elgon View. Walipohama wakamwachia masufuria, mapazia na hiyo kamera ndogo ya rangi ya fedha. Inatumia betri mbili kama za rimoti. Ukiiwasha, lens inatoka ikilia kama mlango uliokosa mafuta. Screen ina ufa. Button ya flash ilikwama zamani, kwa hivyo inawaka tu, hata jua likiwa utosini.

Halafu inawaka mara mbili. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu uzi wote uko hapa.

Flash ya kwanza haipigi picha. Kazi yake ni kufanya mboni ya jicho ijifunge kidogo ili macho yasitoke mekundu. Kama sekunde moja hivi baadaye inawaka ya pili, na hiyo ndiyo inapiga.

Sasa mnawajua wazee wetu na picha. Picha ni kitu cha kukaza. Mikono mapajani, shingo juu, pumzi imeshikwa, uso wa kitambulisho. Baba yangu alikuwa bingwa wa hiyo. Lakini kwa compact ya mama, flash ya kwanza ikishawaka, analegea kama anayedhani imeisha, anacheka, na ya pili inamkuta hapo hapo.

Matokeo yake, picha zote za mama zina baba akicheka. Zangu zote, amekaza. Nilijaribu kila ujanja ninaotumia kwa wateja na mzee hakulegea hata siku moja. Mama akaringa mpaka basi.

"Hiyo yako inaogopesha watu," alikuwa akiniambia.

Baba alikuwa na duka Kiplombe, nje kidogo ya town. Wazazi wangu walitoka Central wakiwa vijana, wakapata shamba dogo hapo, wakajenga, duka likawa mbele na nyumba nyuma. Mteja wa kwanza asubuhi alimkuta ameshafungulia redio. Aliniita mami, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Mwaka jana chakula kilianza kumkwama. Kwanza nyama, halafu githeri, halafu hata ugali wa maziwa. Alisema ni koo limekauka. Tulipompeleka hospitali kubwa hapa town, daktari akatuita pembeni, na nyinyi mnajua daktari akikuita pembeni si kukuambia habari njema.

Ilikuwa cancer ya koo la chakula. Ilikuwa imeenda mbali.

Wakuu, huo ugonjwa unamla mtu huku ukimwona. Baba alikuwa mtu wa kifua kipana. Kila wikendi nikienda Kiplombe nilimkuta ni mdogo kuliko wikendi iliyopita. Nilikuwa naingia kwa duka nikijifanya naangalia bidhaa, ili nizoee kwanza kabla sijamwangalia usoni.

Jumamosi moja akaniita nyuma ya kaunta, akapunguza redio.

"Mami, leta ile kamera yako kubwa. Nipige picha ya programme."

Nikajifanya sijaelewa. Programme gani?

"Usinisumbue," akasema. "Nimeona watu wanazikwa na picha ya kitambulisho imevutwa mpaka pua inakuwa kama ya mtu mwingine. Mimi bado nina uso. Nipige kabla haujaenda."

Huko kwetu mtu hapigi picha ya programme yake, kile kijitabu cha mazishi. Picha hutafutwa akishaenda, kwa simu za ndugu na kwenye albamu zilizoliwa na mende. Nilitaka kumkatalia. Lakini mzee hakuwa akiniomba kitu kingine chochote, na uso wenyewe nilikuwa nauona unavyopungua.

Mama tukamwambia ni picha ya kanisa. Mama akasema, "Ya kanisa. Sawa," akaenda kupiga pasi suti.

Siku hiyo mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Mawingu mepesi, hakuna kivuli kikali. Nilimweka kwa kiti mbele ya mahindi, nikafunga lens ya portrait. Shida ilikuwa suti. Ile suti aliyovaa akimwoza dada yangu sasa ilikuwa kubwa, mabega yamening'inia, kola ya shati imeacha nafasi ya kutosha ngumi.

Wapiga picha wenzangu mnajua dawa yake. Nilitoa pegs kwenye kamba ya nguo nikabana koti kwa nyuma, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Shati pia nikalibana nyuma ya kola. Ukimwangalia kwa mbele, suti imekaa kama ya fundi. Ukizunguka nyuma, ni kamba ya nguo.

Akakaza. Nikapiga.

Mirrorless haikuniangusha. Kila unywele wa nyusi ulikuwa mahali pake. Rangi safi, mahindi nyuma yameyeyuka vizuri, jicho sharp mpaka unaona anga ndani yake. Kama ni portfolio, hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Nilimwonyesha kwenye screen.

Akaisogeza karibu na macho.

"Hii ni kazi nzuri, mami," akasema. "Lakini huyu mtu anaogopa."

Nikaizoom. Ni kweli. Ile autofocus ya macho ninayoisifu kwa wateja ilikuwa imeenda moja kwa moja mpaka kwenye hofu ya baba yangu na kuifocus. Sikuwa nimeiona wakati napiga. Nilikuwa naangalia histogram, ile grafu ya mwanga.

Mama akatokea mlangoni na compact yake. Alikuwa ametoa betri kwenye redio ya duka akaziweka huko.

"Umenizimia redio," baba akalalamika.

"Utaisikia baadaye. Kama mnapiga, na mimi napiga."

Akasimama mbele yake, lens ikatoka ikilia. Baba akakaza. Flash ya kwanza ikawaka. Baba akacheka, na vile alivyocheka mabega yakainuka, peg moja ikaruka, koti lote likamwagika mbele. Hapo ndipo ya pili ikawaka.

Picha yenyewe, kwa macho ya mtu wa kazi, ni aibu. Imeinama upande. Flash imemuunguza paji la uso. Koti limelegea kama gunia, shingo ni nyembamba, unaona wazi huyu mzee ameisha. Na anacheka meno yote nje, kama mtu ambaye hajawahi kuugua.

Mama akaenda jikoni kuweka chai akiwa bado anachekelea. Nikamwambia baba, pole pole, kwamba sasa anapaswa kuwa amejua hiyo kamera huwaka mara mbili.

Akanitazama kama mimi ni mtoto aliyeuliza kama jua ni moto.

"Mami, unafikiri sijui? Nilijua siku ya kwanza. Mama yako akiwasha ile ya kwanza anaanza kucheka huko nyuma ya camera, anadhani amenishika. Sasa mimi nikimwona anacheka hivyo, nitakaza aje?"

Mimi miaka yote niliisifu ile mashine kwa ubovu wake. Nilishawahi hata kueleza watu hapa jukwaani kuhusu delay ya compact na faida zake. Kumbe delay haikuhusika sana.

Akanipa maagizo. Ile yangu iende kwa programme, "watu wasinione nikicheka na wao wanalia." Ile nyingine nimwachie mama, ni yake.

Baada ya hapo hakukaa sana. Hapa ndipo vidole vinakataa, naruka.

Mazishi yalikuwa nyumbani, Kiplombe. Picha yangu ilikuwa kwenye programme, kwenye banner ya getini na kwa fremu juu ya jeneza. Kila mtu aliisifu. Pastor aliisifu kwenye maikrofoni. Hakuna aliyejua habari ya pegs. Mama mmoja alinishika mkono tukitoka kaburini, akanipa pole, halafu akauliza kama ni mimi nilipiga ile picha ya mzee, kwa sababu binti yake anaolewa.

Nilimpa namba. Hiyo kazi nimeifanya. Mpaka leo sijui nijisikieje kuihusu.

Mama hakuiangalia ile banner hata mara moja. Alikuwa na ile compact ndani ya mkoba, na wakati nyimbo zikiimbwa niliona anaiwasha, anaangalia screen yenye ufa, anaizima. Anaiwasha tena. Nadhani alikuwa akiokoa betri.

Wiki chache zilizopita nilienda kumwona. Duka anafungua yeye sasa. Redio iko kwa rafu yake, kimya, hakuna aliyeiwekea betri nyingine na mimi sikuuliza.

Nilipekua picha zote za ile compact. Baba yuko kila mahali. Mama hayuko hata moja, kwa sababu yeye ndiye alikuwa akipiga. Kwangu yuko, amekaza kama mumewe. Nikaogopa asije naye akaenda akaniachia hizo tu. Nikamwambia akae kwa kile kiti, leo nampiga na kamera yake mwenyewe.

Akakaa. Flash ya kwanza ikawaka. Hakulegea, alinitazama tu, kama anayengoja kitu. Ya pili ikawaka. Picha ikatoka ya mtu anayengoja.

"Sasa mbona hucheki?" akaniuliza. "Mwenye camera ndiye huanza."

Wakuu, nikashusha kamera.

"Ulijua baba alikuwa anajua?"

"Huyo? Mtu ameuza duka miaka hiyo yote na hakuna amewahi kumcheza na chenji, utamcheza na flash?" Akatengeneza kitambaa kichwani. "Nilijua anajua. Haya, anza."

Nikajaribu. Naapa nilijaribu. Nikabonyeza, ya kwanza ikawaka, nikafungua mdomo nicheke, na kilichotoka hakikuwa kicheko. Ilikuwa ni kile kilio ambacho sikulia kwenye mazishi kwa sababu nilikuwa nashughulika na kupanga watu wa picha kando ya jeneza, watoto wa marehemu huku, wajukuu huku.

Ya pili ikawaka.

Hiyo picha ninayo. Haiko sharp mahali popote. Kichwa cha mama kimekatika juu ya macho. Yuko nusu ameinuka kwa kiti, na mkono wake umejaa frame, mkubwa, mweupe kwa flash, unakuja upande wangu.

Ndiyo picha pekee ya mama ambayo hajakaza.

Kwa hivyo ndugu uliyeuliza: kama unataka kazi, nunua mirrorless, usisumbuke. Compact haitakulisha, na mtu wa kuprint banner atakurudisha nyumbani. Hilo sibishani na mtu. Lakini ile kamera unayotaka ikupe watu wako vile walivyo, hiyo haiko dukani. Inategemea wakikutazama wanaona nani, na kama bado unaweza kuanza kucheka.

Mimi bado nafanya mazoezi. Jumamosi nakwenda Kiplombe tena, betri nimenunua, za compact na za redio pia.

Sasa niambieni nyinyi. Ile picha ya mzazi wako unayoipenda kuliko zote, nani alikuwa amesimama nyuma ya kamera? Kama bado yuko, mpigie simu kwanza, comment utaandika baadaye.