Ndoo ya Kijivu Bombani

Jirani yangu anatengeneza kurasa za mtandao. Anaandika kwa vidole viwili tu, na midomo yake inacheza bila sauti, kama mtu anayesali peke yake. Siku moja nilimuuliza mbona kurasa zake hazigandi hata mtandao wa hapa Newala ukiwa mzito. Uso ukamchangamka. "Ni kama foleni ya maji, Mama Hajira. Ukurasa unatuma ombi, unaliacha kwenye foleni kama ndoo, unaendelea na kazi nyingine. Ila lazima uache maagizo: jibu likifika, niiteni."

Jana aliacha ndoo yake ya kijivu bombani, akarudi kwenye kompyuta bila kumwambia mtu. Zamu yake ilipofika, mwanamke mmoja akauliza, "Hii ya nani?" Mimi niliijua. Nikageukia mlango wake nimwite, nikakuta sina jina la kumwitia. Miaka mitatu tunapakana ukuta! Nikiwa bado nimeduwaa, ndoo ikasogezwa pembeni kwa mguu.

Jirani alipotoka, maji yalikuwa yamekatika. Akaiokota ndoo tupu, akanipita taratibu.

"Shikamoo, Mama Hajira."

"Marahaba," nikasema, nikaishia hapo.