Samaki wa Mlimani na Nyumba ya Udongo Mbichi

Kwetu, mwanamume ambaye hajajenga kwa baba yake hana mahali pa kulazwa akifa. Jeneza lake haliingii nyumba ya mama, yeye si mtoto. Anajengewa nyumba haraka haraka, hata kama ni ya kusimama siku chache, ndipo azikwe kama mtu mwenye kwake.

Jambo hilo lilininyima raha miaka ile ya tisini. Kifungua mimba wangu alikuwa na mke, ana binti, na hapa Kakamega hakuwa na hata nguzo moja. Alikuwa anakata miti Mlima Elgon, na huko ndiko alikaa. Nikafunga jogoo miguu, nikapanda kumfuata, nimwambie uso kwa uso.

Hakunipa nafasi. Alimchinja jogoo, na firigisi akaniwekea mimi. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma.

"Kula, mama. Leo wewe ndiye mzee."

"Mzee wa boma gani? Hapa umepanga tu."

Akacheka. Manyoya ya shingo hakuyatupa. Aliyafunga kwa uzi kwenye ndoano ndogo mpaka yakafanana na mdudu.

"Samaki gani mjinga atakula kuku asiye na nyama?" nikamuuliza.

"Anaitwa trauti. Wazungu walimleta huku zamani, anapenda maji ya baridi. Kesho utamwona."

Kesho yake tukapanda mpaka kwenye kijito. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa, na meupe hivi kwamba kila jiwe la chini ulikuwa unaliona. Sasa, mimi ni mtu wa mto Isiukhu. Kwetu wanawake tulikuwa tunavuanga na vikapu. Maji yetu ni tope. Unaingia, unayapiga na fimbo, samaki anakimbia ovyo mpaka anaingia kikapuni mwenyewe. Kwa hiyo nilipomwona mtoto wangu ananyata, ameinama kama mwizi wa kuku, nilimwonea huruma. Nikakunja leso, nikaingia, nikayapiga yale maji kwelikweli.

Vivuli vyote vilivyokuwa chini ya mawe vikapotea.

"Mama," akasema, "umewafukuza mpaka Uganda."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Huyu hafukuzwi. Anabembelezwa. Ukimkimbiza, humwoni tena."

Nikaona hapo ndipo mahali pangu pa kusema. "Na wewe je? Nikubembeleze mpaka lini ndio uje ujenge?"

Alivuta uzi wake polepole bila kunitazama. "Shamba lenyewe ni dogo, mama. Nikisimamisha nyumba, wadogo zangu wataona nimekuja kuwanyang'anya."

"Jenga hata ya kulala mbuzi. Sitaki uje kujengewa."

Kwetu neno hilo ni la msiba. Lilikuwa limetoka, na sikulirudisha. Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Alinishika mkono, akaniketisha nyuma ya mwamba, akaniambia nisikohoe, kisha akapanda juu ambako maji hayakuwa yamenisikia.

Alirudi na samaki mmoja, ana madoa meusi na mstari wa rangi ya waridi ubavuni, kama aliyevalia harusi. Akaniwekea mikononi bado anapigapiga.

"Nimesikia," akasema. "Mahindi yakivunwa nakuja. Nitafutie nguzo."

Nilishuka ule mlima kama msichana. Nikakatisha nguzo, nikazisimamisha kando ya jiko ili kila apitaye aulize. Na waliuliza. Niliwajibu kwa sauti kubwa kwamba mwanangu anakuja kujenga.

Mahindi yalikuwa bado shambani gogo lilipomponyoka na kumwangukia. Walimleta nyuma ya pikapu.

Nguzo zilikuwepo tayari. Vijana wa ukoo walichimba mashimo asubuhi, wanawake wakakandika, na jua halijazama nyumba ikawa imesimama. Niliambiwa nikae chini, mama wa marehemu hashiki udongo. Nikashika. Kuta zilikuwa bado zinatoa maji jeneza lilipoingizwa. Nilikaa naye mle ndani, na harufu ilikuwa ile ya tope la Isiukhu.

Nyumba ya namna hiyo huachwa ianguke yenyewe. Desturi hiyo naijua kuliko wanaokuja kunifundisha. Lakini kila mvua ikipasua ukuta, mimi naupaka tena. Shemeji yangu alikuja kunikemea.

"Unapaka nyumba ya nani? Mwenyewe hayuko."

"Alisema anakuja," nikamjibu, nikaendelea.

Binti wa mwanangu sasa amenipita urefu, na kwa masomo hakuna wa kumshinda hapa kwetu. Nisemeni vibaya mkitaka, huyo najivunia. Akifunga shule ananibebea ndoo ya udongo. Majuzi aliuliza kwa nini naupaka polepole na kiganja, wakati wanawake wengine wanaupigapiga ukutani ushike.

Nikamwambia, "Huyu hafukuzwi."